Timu ya Pawtucket na Usiku wa Kuamkia Pasaka

Nilipohamia Pawtucket, mji wa viwanda katika jimbo la Rhode Island, Marekani, sikujua lolote kuhusu besiboli. Nilitoka katika nchi ya kandanda, ambako mtoto huwa wa Simba au wa Yanga kabla hajajua kutembea. Aliyenifundisha mchezo ule alikuwa jirani yangu, mzee aliyestaafu kazi ya kiwanda cha nyuzi, na hakunifundisha kwa maelezo bali kwa kunichukua uwanjani. Siku ya kwanza kabisa alinionya kwamba katika mji ule nitakutana na watu wengi sana watakaoapa kwamba walikuwapo hadi mwisho usiku ule wa mwaka 1981.

"Waongo," alisema. "Walibaki 19. Mimi niliondoka saa sita."

Timu yenyewe ilikuwa Pawtucket Red Sox, ambayo wenyeji waliifupisha wakaiita PawSox. Ilicheza katika daraja la juu la ligi ndogo, hatua moja tu chini ya ligi kuu. Hapa msomaji wa kwetu anahitaji kuelezwa jambo moja, maana hata mimi lilinisumbua. Timu ya ligi ndogo haipandi daraja hata ikishinda mechi zote. Wachezaji wake ni mali ya timu kubwa, hapa Boston Red Sox, ambayo huwalipa, huwaleta, na huwachukua siku yoyote inapowahitaji. Kwa hiyo shabiki wa Pawtucket akimpenda kijana fulani, kadiri kijana huyo anavyozidi kucheza vizuri ndivyo siku ya kuagana inavyokaribia. Mzee aliliona jambo hili kuwa la kawaida kabisa. Alisema ni kama kulea.

Uwanja wao, McCoy, ulijengwa juu ya bwawa. Meya wa mji, Thomas McCoy, alianza kuujenga mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa fedha za serikali za kuwapatia watu kazi wakati wa mdororo wa uchumi. Matope yalimeza vifaa, gharama zikapanda, watu wakaucheka, lakini mwaka 1942 ukafunguliwa. Vibanda vya wachezaji vilikuwa chini ya majukwaa, hivi kwamba shabiki hakuweza kumfikia mchezaji kwa mkono. Watoto wakabuni njia yao: walikata dumu la plastiki la maziwa, wakatia ndani mpira na kalamu, wakalifunga kamba na kuliteremsha mbele ya kibanda. Mchezaji akitia saini, walivuta. Waliita kuvua. Mji uliokuwa na uwanja juu ya bwawa, watoto wakavua saini.

Timu ya daraja hilo ilifika mwaka 1973, na miaka michache baadaye ilifilisika. Mwaka 1977 ilinunuliwa na Ben Mondor, mzaliwa wa Quebec aliyepata mali yake katika viwanda vya nguo. Mwaka ule watazamaji wa msimu mzima walikuwa kama 70,000. Mondor hakufanya miujiza. Alisafisha uwanja, akaweka tiketi za bei ambayo mfanyakazi wa kiwandani angeweza kulipa pamoja na wanawe, akaacha magari yaegeshwe bure. Kufikia mwaka 2005 walikuja zaidi ya 680,000 kwa msimu mmoja.

Lakini nirudi kwenye usiku ule. Jumamosi ya tarehe 18 Aprili 1981, usiku wa kuamkia Pasaka, Rochester Red Wings walikuja McCoy. Taa zilileta matatizo, mechi ikachelewa kama nusu saa. Walikuwapo watazamaji 1,740. Besiboli haina sare. Kila timu hupata zamu 9 za kupiga, na zikilingana huongezwa zamu moja moja mpaka mmoja ashinde. Baada ya zamu 9 zilikuwa bao 1 kwa 1. Kulikuwa na kanuni ya kusimamisha mechi usiku ukiwa mkubwa, lakini katika kitabu walichokuwa nacho waamuzi kanuni hiyo haikuwamo. Basi wakaendelea.

Baridi ilikuwa kali na upepo ukiwarudishia wapigaji mipira yao. Wachezaji walichoma magongo yaliyovunjika ndani ya mapipa ili wapate joto. Katika zamu ya 21 Rochester walipata bao, na kila mtu akaona sasa atakwenda kulala. Wade Boggs wa Pawtucket akasawazisha. Boggs alisema baadaye kwamba hakujua kama wenzake walitaka kumkumbatia au kumpiga. Mrushaji Luis Aponte aliyeruhusiwa kurudi nyumbani usiku huohuo alikuta mke wake hamwamini kwamba alikuwa uwanjani. Nani angeamini?

Mwishowe rais wa ligi, Harold Cooper, alipatikana kwa simu, akaamuru wasimame. Ilikuwa saa 10 na dakika 7 alfajiri, zamu 32 zimekwisha, mabao 2 kwa 2. Watazamaji walikuwa 19. Walipewa tiketi za kuingia bure.

Mechi ilimaliziwa tarehe 23 Juni. Wachezaji wa ligi kuu walikuwa wamegoma, kwa hiyo waandishi wa habari wasiokuwa na la kuandika walijaa Pawtucket pamoja na watu zaidi ya 5,700. Walitazama kwa dakika 18. Dave Koza alipiga mpira, Marty Barrett akaingia, mabao 3 kwa 2. Boggs, pamoja na Cal Ripken aliyekuwa upande wa Rochester, wakaja kuwa miongoni mwa wachezaji wakubwa kabisa wa mchezo huo. Koza hakucheza hata mechi moja ya ligi kuu. Jirani yangu alimtaja Koza mara nyingi kuliko wale wawili.

Hiyo mechi ya Juni mzee hakwenda. Alikuwa na tiketi, akampa shemeji yake. Alisema aliyeondoka saa sita hana haki ya kuja kula mezani asubuhi. Niliona ni ukaidi, na bado naona hivyo.

Mondor alifariki mwaka 2010. Mwaka 2015 mjane wake aliiuza timu kwa kundi la matajiri, nao hawakukawia kusema McCoy imezeeka. Walitaka uwanja mpya Providence, wananchi wakapinga fedha zao za kodi kutumika. Wakajadiliana na Pawtucket na jimbo, mazungumzo yakavutana. Agosti 2018 walitangaza kuhamia Worcester, katika jimbo la Massachusetts, umbali wa kilomita 60 na kitu. Mimi niliyelelewa na klabu ya wanachama nilimwuliza mzee kwa nini mashabiki hawakuitisha mkutano. Alinitazama kama mtu asiyeelewa swali. Mkutano wa nani? Timu ilikuwa na mwenyewe.

Msimu wa kuaga ulipangwa uwe wa 2020, ugonjwa wa korona ukaufuta. Kilichofanyika ni kwamba watu waliandaliwa meza za chakula katikati ya nyasi, familia mbalimbali zikakaa mbalimbali. Tulikwenda. Mzee alikula kidogo, kisha akainuka, akatembea polepole mpaka mbele ya kibanda cha wachezaji, akachungulia ndani. Hakukuwa na mtu.

Worcester walifungua uwanja wao mwezi Mei 2021. McCoy ulianza kubomolewa mwaka 2025, mahali pake pajengwe shule ya sekondari. Siku tingatinga lilipofika nilipita kwa mzee kumwuliza kama angependa nimpeleke akaone. Alikataa. Dumu lake la maziwa, lenye kamba yake, lilikuwa limetundikwa msumarini nyuma ya mlango, nami nilipotoka nililisikia likigonga ubao.