Boston College dhidi ya Denver: Wakali wa Magoli Wanakutana na Wazee wa 2-1

Jumamosi hii, Aprili 13, 2024, hoki ya barafu ya vyuo vya Marekani imebakisha gemu moja tu. Boston College na chuo kikuu cha Denver wanakutana kwa fainali huko St. Paul, Minnesota. Timu 16 ziliingia kwa mchujo, 14 zimeshafunga virago. Hakuna mkondo wa pili hapa. Ukichapwa mara moja, msimu umeisha.

Kama barafu yote unayoijua ni ile ya Panari pale Mombasa Road, mahali Ice Lions hujifulia, usijali, sheria si ngumu. Wachezaji watano na golikipa kila upande, vipindi vitatu vya dakika 20, na wote wanafukuzia paki, kile kisahani cheusi cha mpira mgumu. Ikiisha sare wanaongeza dakika 20 na wa kwanza kufunga anabeba. Hawapigi penalti kuamua mshindi. Wanacheza tu mpaka mtu afunge, hata kama ni kupitisha usiku wa manane. Na vyuoni ukirusha ngumi unatolewa nje, kwa hivyo kama ulikuja kuona vita kama vya NHL, pole.

Kitu kimoja tu kitakuchanganya kama umezoea soka. Huku mchezaji anaweza kuwa ameshachaguliwa na timu ya NHL na bado anaingia darasani kama wewe. Timu inamchukua kwa drafti, inashikilia haki zake, halafu inangoja mpaka aamue kuacha chuo asaini. Ndiyo maana hii fainali imejaa madogo ambao mabosi wao wako San Jose, Washington na New York, lakini kwa sasa bado wana mitihani.

Wengi wa hao madogo wako Boston College. Timu ilimaliza kama namba moja ya mchujo wote, na inaingia fainali na rekodi ya ushindi 34, kupoteza 5 na sare 1. Laini yao ya mbele ni ya mabeste watatu: Will Smith, Ryan Leonard na Gabe Perreault. Walicheza pamoja kwa timu ya vijana ya Marekani kabla ya chuo, na wote watatu walichaguliwa raundi ya kwanza ya drafti ya 2023. Smith alienda namba nne kwa San Jose Sharks, Leonard namba nane kwa Washington Capitals, Perreault namba 23 kwa New York Rangers. Wote bado wako mwaka wa kwanza!

Angalia namba zao. Kwa hoki, goli ni pointi moja na pasi ya goli pia ni pointi moja. Smith ana pointi 71. Leonard ana 60, na 31 kati ya hizo ni magoli. Perreault ana 60 pia, nyingi zikiwa pasi. Huyo Perreault anaona barafu kama mtu ana ramani kichwani.

Halafu kuna Cutter Gauthier, ambaye hachezi hata kwa hiyo laini. Ana magoli 38 msimu huu. Jamaa ana drama yake pia: Philadelphia Flyers walimchagua namba tano mwaka wa 2022, akakataa kabisa kuwasainia, na Januari mwaka huu wakachoka wakampeleka Anaheim Ducks. Mafans wa Philadelphia bado wana machungu. Yeye amerudi chuo akaendelea kufunga kama hakuna kilichotokea.

Mchujoni BC wamefunga 15 kwa gemu tatu: 6-1 dhidi ya Michigan Tech, 5-4 kwa muda wa ziada dhidi ya Quinnipiac, mabingwa wa mwaka jana, na 4-0 dhidi ya Michigan kwa nusu fainali. Hiyo ya Quinnipiac ndiyo ya kuangaliwa vizuri, kwa sababu inaonyesha BC wanaweza kusukumwa hadi ukutani.

Sasa Denver. Hawa wamefunga sita tu kwa gemu tatu, na wako fainali pia. Waliwatoa UMass 2-1 baada ya vipindi viwili vya ziada. Wakawatoa Cornell 2-1. Alhamisi wakawatoa Boston University 2-1, tena muda wa ziada, goli la Tristan Broz. BU hao walikuwa na Macklin Celebrini, dogo aliyebeba tuzo ya Hobey Baker ya mchezaji bora wa vyuo, na bado walipata goli moja tu.

Usidanganyike lakini kwamba Denver ni timu ya kupaki basi. Msimu mzima wamekuwa wakinyesha magoli. Jack Devine, aliyechaguliwa na Florida Panthers raundi ya mwisho kabisa, ameshapita pointi 50. Zeev Buium ana miaka 18, ni beki, na ameshapita 40, kitu ambacho beki wa mwaka wa kwanza hafanyi hivi hivi. Kaka yake Shai yuko kwa hiyo hiyo difensi. Tofauti ni kwamba magoli yamekauka wakati mbaya, na Denver wakaonyesha wanajua njia nyingine ya kushinda. Uwanja pia wanaujua, kwa sababu ni pale pale St. Paul walipobeba kombe la ligi yao mwezi jana kwa kuwachapa Omaha 4-1.

Lakini kwangu stori kubwa ya hii fainali imesimama nyuma ya benchi. David Carle, kocha wa Denver, alikuwa mchezaji mkali akiwa shule ya upili, hapo hapo Minnesota. Mwaka wa 2008, kabla tu ya drafti, madaktari wakagundua ana ugonjwa wa moyo. Kucheza kukaisha akiwa na miaka 18. Tampa Bay walimchagua hata hivyo, raundi ya saba, wakijua hatawahi kuwachezea. Denver nao hawakumnyima ufadhili wake wa masomo. Wakampa kazi ya kusaidia makocha akiwa bado mwanafunzi. Mwaka wa 2018, akiwa na miaka 28, wakampa timu yote, na 2022 akawaletea ubingwa.

Na hapa ndipo mambo yananoga. Januari mwaka huu Carle ndiye alikuwa kocha wa Marekani kwa mashindano ya dunia ya vijana huko Sweden, wakabeba dhahabu kwa kuwachapa wenyeji 6-2. Kikosini alikuwa na nani? Smith, Leonard, Perreault na Gauthier. Alikaa nao, akawapanga, akajua kila mmoja anapenda kupokea paki wapi. Miezi mitatu baadaye ndio anatafuta njia ya kuwanyamazisha.

Kwa upande mwingine Greg Brown, kocha wa BC, ni mtoto wa nyumbani. Alichezea chuo hicho, na huu ni msimu wake wa pili tangu achukue kiti cha Jerry York, kocha mwenye ushindi mwingi kuliko wote kwa historia ya hoki ya vyuo. BC wana mataji matano, la mwisho 2012. Denver wana tisa, sawa na Michigan. Wakishinda watakuwa peke yao juu na kumi. Kwa BC kuna presha nyingine: ukiwa na vipaji kama hivi, NHL haitangoja milele, na ni ngumu kuona hiyo mbogi yote ikirudi pamoja msimu ujao.

Magolikipa wataamua. Jacob Fowler wa BC, mwaka wa kwanza pia, ametoka tu kuwazima Michigan bila kufungwa. Matt Davis wa Denver hakuna timu ya NHL iliwahi kumchagua, lakini amefungwa mara tatu tu kwa huu mchujo wote, na mbili kati ya hizo gemu zilienda muda wa ziada. Davis ndiye golikipa ningetaka usiku wa fainali.

Kwa karatasi ni BC, na si kidogo. Mimi nachagua Denver kwa goli moja au mawili, mradi wasijilete kwa makosa ya kijinga. Ukifanya faulo unakaa kando dakika mbili timu yako ikicheza wanne, na kumpa Gauthier nafasi kama hiyo ni kujichimbia kaburi.

Kwetu huku itakuwa usiku wa manane kuamkia Jumapili. Ukiona BC wamefunga mbili kabla ya kipindi cha kwanza kuisha, zima simu ulale. Ikifika kipindi cha tatu bado ni moja au sufuri, chemsha chai.