Mikono Isiyoandikwa: Kuchua Mwili, kutoka Bangkok hadi Geita

Ukitaja masaji ya Kithai mjini siku hizi, wengi wanawaza chumba chenye harufu nzuri, muziki wa taratibu na bei ya kutisha. Kumbe asili yake ni shambani. Wakulima wa Thailand walirudi nyumbani migongo imekaza, na kijijini alikuwepo mtu wa kuwanyoosha. Unalala sakafuni kwenye godoro jembamba, nguo zako mwilini. Mchuaji anakukandamiza kwa vidole, viganja, viwiko, hata nyayo, kisha anakuvuta viungo. Kwa kawaida hakuna mafuta.

Elimu hiyo ilipata bahati ya kuandikwa. Miaka ya 1830 Mfalme Rama III aliagiza maarifa ya tiba, pamoja na michoro ya mistari ya mwili, yachongwe kwenye mawe katika hekalu la Wat Pho, Bangkok. Desemba 2019 UNESCO, ikikutana Bogotá, ikaiingiza Nuad Thai katika orodha ya urithi wa binadamu.

Haya, tugeuke Usukumani. Huku nako mkulima ana mgongo. Wasukuma walilima kwa jembe la mkono, kwa vikundi na kwa ngoma, mpaka jembe lenyewe likaingia kwenye mchezo wa bugobogobo. Wakati wa Waingereza pamba ikaongeza palizi. Ikaja migodi: almasi ya Mwadui, aliyoigundua Williamson mwaka 1940, dhahabu ya Geita, iliyochimbwa tangu miaka ya 1930 hadi mgodi ulipofungwa 1966, kisha mgodi mkubwa wa sasa ukaanza mwaka 2000. Pembeni wapo wachimbaji wadogo: kijana anayeshuka kwenye duara, mama anayegonga mawe kwa nyundo tangu asubuhi. Jioni mwili unadai chake.

Mikono ya kuutuliza ipo. Bibi anayemkanda mzazi kwa maji ya moto. Mtu wa kuchua mguu ulioteguka. Fundi wa kuunga mifupa. Ila hakuna mfalme aliyeagiza wachongewe jiwe. Serikali ilipowaandika waganga, mara nyingi iliwaandika kwa hofu. Sheria ya Uchawi ilitungwa 1928. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ilisubiri hadi 2002. Januari 2009, baada ya mauaji ya watu wenye ualbino, Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kusitisha leseni za waganga wa jadi wote. Januari 2015 wakapigwa marufuku wapiga ramli.

Tusidanganyane, hofu hiyo ilikuwa na sababu: watu walikatwa viungo, watu waliuawa. Lakini Shinyanga na Geita vikongwe nao wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao ni mekundu, macho yaliyochomwa na moshi wa jikoni miaka yote. Bibi anayekukanda mgongo leo anaweza kesho kuwa ndiye anayenyooshewa kidole. Ujuzi usioandikwa hauna wa kuutetea. Kila mtu anaujazia uvumi wake.

Faida ya kuchua haihitaji chumvi. Hupunguza maumivu ya mgongo kwa muda, hulegeza misuli, humpa mtu usingizi. Ina mipaka pia: mfupa uliovunjika hauchuliwi, uvimbe wenye homa uende hospitali, na vumbi la mawe lililokaa kwenye mapafu ya mchimbaji halitolewi kwa kiganja. Mchuaji mzuri anaijua mipaka hiyo, na hapo ndipo anapoachana na tapeli.

Kwa hiyo, msomaji mwenye simu ya kurekodi, ukifika Kahama au Geita mtafute bibi wa namna hii na umwombe ruhusa. Muulize anabonyeza wapi, kwa muda gani, alifundishwa na nani, na ni mgonjwa gani anakataa kumgusa. Andika kama alivyosema, kwa Kisukuma chake ikibidi. Msomee tena akusahihishe. Kazi hiyo Wat Pho waliifanya karibu miaka 200 iliyopita.