Kutoka Redio ya Uani hadi Visikilizio vya Masikioni
Na Mwanafunzi wa Zamani, Ntobeye

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike makala ya historia, akitumaini bila shaka kwamba nitaleta habari za machifu au za vita. Namwomba radhi. Nataka kuandika juu ya kitu kidogo kinachokaa sikioni, ambacho kila mwanafunzi wa siku hizi anakijua. Vijana hukiita hedifoni au eafoni. Mimi nitaviita visikilizio, maana kazi yake ndiyo hiyo. Nimevichagua kwa sababu viliwahi kuninyima mazishi.

Ilikuwa hivi. Miaka michache iliyopita nilikuwa nyumbani Ntobeye wakati wa kupalilia maharage. Jioni moja mjukuu wa ndugu yangu alikaa kando ya migomba, simu mfukoni, nyaya masikioni, akisikiliza redio. Katika matangazo ya vifo likasomwa jina la mama mmoja wa kijiji cha ng'ambo ya bonde. Kijana alilisikia jina, likapita, maana hakulijua. Kwetu mama yule aliitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza. Jina lake la ubatizo tulilijua sisi wazee tu. Habari ilitufikia kesho yake alasiri, ikiletwa na mtu aliyekuwa akirudi makaburini. Marehemu huyo ndiye aliyekuwa akinipa chakula nilipopita kwake kwa miguu, sanduku kichwani, nikirudi shule. Nami sikumtupia hata konzi moja ya udongo.

Nilipomwuliza kijana, alijibu kwa adabu: "Babu, nilisikia, ila sikujua kuwa ni wetu." Sikuwa na la kumkaripia. Hakudanganya wala hakuzembea. Jina alilisikia yeye, na maana ya jina tulikuwa nayo sisi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza jinsi tulivyofika hapa, na nimeona kwamba njia yenyewe ni ndefu kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Watu wengi hufikiri kwamba redio ya spika ilitangulia na visikilizio vikafuata. Sivyo. Visikilizio vilikuwa zana ya kazi zamani sana, kwa wapokeaji wa simu za upepo melini na kwa wafanyakazi waliounganisha simu mijini. Mwaka 1910 Mmarekani mmoja wa jimbo la Utah, Nathaniel Baldwin, alitengeneza jikoni kwake visikilizio vyenye nguvu kuliko vilivyokuwapo, akaviuza kwa jeshi la majini la nchi yake. Shirika la BBC lilipoanza matangazo Uingereza mwaka 1922, wasikilizaji wengi walikuwa na redio za kristali. Redio hizo hazikuhitaji betri, lakini sauti yake ilikuwa ndogo mno, hata mtu hakuweza kusikia bila visikilizio. Watu wa nyumba moja walifanya nini basi? Waliviweka visikilizio ndani ya bakuli, bakuli likaikuza sauti kidogo, wakainama wote kulizunguka. Kumbuka bakuli hilo, ndugu msomaji. Kifaa kiliwatenga, wao wakatafuta njia ya kusikia pamoja.

Kwetu redio ilikuja kwa mlango mwingine. Matangazo ya Sauti ya Dar es Salaam yalianza mwaka 1951, na mwaka 1965, baada ya Uhuru, chombo hicho kikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo warithi wake leo ni TBC. Wakati huo redio za transista zilikuwa zimeanza kuenea, zenye spika na betri. Kwa hiyo sisi wa vilima vya Ngara hatukupita katika zama za bakuli. Redio ya kwanza tuliyoiona ilikuwa na mdomo mpana, na ilisema na kila mtu aliyekuwapo.

Redio niliyoijua utotoni ilikuwa ya baba yangu mdogo, yenye mfuko wa ngozi. Ilikuwa moja kwa nyumba nyingi. Jioni iliwekwa juu ya kigoda uani, na majirani walikuja bila kualikwa, maana kumfukuza mtu kwenye redio ilikuwa sawa na kumfukuza kwenye moto. Taarifa ya habari ilisikilizwa kimya. Yakifuata Mazungumzo Baada ya Habari, wazee walianza kubishana, na sisi watoto tulijifunza Kiswahili katika mabishano hayo zaidi ya darasani, kwa kuwa nyumbani tulisema Kihangaza. Yakisomwa matangazo ya vifo, mama zetu waliacha kumenya ndizi. Palikuwa na mtu wa kusema, "Huyo ni wa ukoo fulani, dada yake ameolewa kwa fulani." Jina lililotoka Dar es Salaam lilipata mwenyewe hapo hapo uani.

Serikali nayo ilielewa nguvu ya uani. Mwaka 1973 ilianzishwa kampeni ya Mtu ni Afya, iliyokwenda kwa wiki 12. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa, na watu wapatao milioni 2 nchini walijiunga na vikundi vya kusikiliza. Utaratibu ulikuwa rahisi. Kikundi kilisikiliza kipindi redioni, kikasoma kitabu, kikajadiliana, kisha kikaamua la kutenda: kuchimba vyoo, kufyeka majani karibu na nyumba, kuchemsha maji. Ushindi wa kampeni ile ulitokana na yale majadiliano ya baada ya kipindi. Mtu aliyeambiwa na redio achimbe choo angeweza kuisahau redio, lakini aliyeahidi mbele ya jirani zake alichimba.

Mwaka 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovamia ardhi yetu kaskazini ya mto Kagera, tuliisikia hotuba ya Mwalimu ya mwezi Novemba tukiwa tumesimama uani. Mkoa wetu wakati huo uliitwa Ziwa Magharibi; jina la Kagera lilikuja baada ya vita. Ikafuata miaka ya uhaba. Betri zilikuwa adimu kama sukari na sabuni. Wenzangu wa rika langu watakumbuka tulivyozianika betri juani juu ya bati ili zipate uhai wa taarifa ya habari moja zaidi. Betri chache zilitufanya tusikilize pamoja hata pale ambapo tusingependa.

Wakati sisi tukianika betri, Ujapani ilikuwa ikitengeneza kitu kingine. Julai 1979 kampuni ya Sony ilitoa Walkman, kinanda kidogo cha kaseti cha kutembea nacho, chenye visikilizio vyepesi. Kisa chake kinafundisha. Mkuu wa Sony, Akio Morita, alikijaribu nyumbani kwake, akaona mkewe amechukia kwa kuachwa nje. Akaona ni utovu wa adabu mtu kusikiliza peke yake mbele ya mwenzake. Kwa sababu hiyo Walkman ya kwanza ilikuwa na matundu mawili ya visikilizio, na kitufe cha kupunguza muziki ili wawili hao waweze kusemezana. Matoleo ya baadaye yaliacha kitufe hicho, kisha tundu la pili nalo likaondoka, kwa kuwa wanunuzi walitaka kitu cha mtu mmoja.

Kwetu vitu hivyo viliingia hasa baada ya mwaka 1984, Serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni. Bwenini kwetu kilifika kimoja, mkononi mwa mwenzetu aliyekuwa na kaka bandarini. Kilikuwa na tundu moja tu. Tulikaa wawili wawili kitandani, kichwa kwa kichwa, kila mmoja na upande wake wa kisikilizio, wengine wakingoja zamu mlangoni. Hatukuwa na habari za bakuli la Waingereza wala tundu la Morita, lakini tulifanya yale yale.

Hapa lazima nijihadhari, nisije nikaisifu redio ya uani kuliko inavyostahili. Sisi wa Ngara tumeona upande wake wa pili. Julai 1993 ilianza nchini Rwanda redio iliyoitwa RTLM, na mwaka 1994 redio hiyo ilichochea mauaji ya halaiki. Watu waliisikiliza pamoja, majumbani, vilabuni na kwenye vizuizi vya barabarani, na pamoja kwao hakukuwazuia. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia wilayani kwetu kwa muda wa saa 24, na Benaco ikageuka mji kwa siku moja. Mwaka 1995 Shirika la Wajesuti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera hapa Ngara. Kwizera maana yake ni kutumaini, na watu waliotawanyika waliihitaji redio ya namna hiyo kuliko chakula cha pili. Somo nililolipata ni kwamba kusikia pamoja hakutoshi. Uani panafaa pale tu ambapo yupo mtu anayethubutu kuuliza, "Je, hayo ni kweli?", na wengine wakamwacha aulize.

Lakini anayesikiliza peke yake ataulizwa na nani? Leo sauti za uongo na za chuki hazihitaji mnara wa redio. Hupita kwenye simu, zikaingia moja kwa moja sikioni mwa kijana aliyelala shukani, na hakuna mzee wa kukohoa kwa mashaka.

Simu ndiyo iliyomaliza safari hii. Redio iliyo ndani ya simu nyingi haikamati FM mpaka visikilizio vichomekwe, kwa kuwa waya wake ndio eriali. Hivyo hata mtu asiyekusudia kujitenga analazimika kuanza na waya. Wala sivikatai visikilizio. Mwanafunzi anayerudia somo katika bweni lenye kelele anavihitaji. Asiyeona husomewa kitabu kwavyo bila kusumbua darasa. Mama anayemlaza mtoto anaweza kusikia habari bila kumwamsha. Ni heshima pia kutowalazimisha abiria wote wa basi kusikia muziki wako.

Ila viwe na kiasi, kwanza kwa ajili ya sikio lenyewe. Ndani ya sikio, katika sehemu iliyojikunja kama konokono, zimo seli zenye vinyweleo vinavyopokea sauti, na zikifa haziota tena. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 inavumilika kwa saa 40 kwa wiki. Ikifika 90, saa zinashuka hadi 4 tu. Limekadiria kwamba vijana zaidi ya bilioni 1 duniani, wa umri wa miaka 12 hadi 35, wamo hatarini kupoteza usikivu kwa kusikiliza vibaya. Sikio likilia ngi-i-i baada ya muziki, hilo ni onyo. Na barabarani, ambako malori ya Rusumo hayamngoji mtu, acheni sikio moja wazi, au bora yote mawili.

Pili, viwe na kiasi kwa ajili ya nyumba. Nawaomba wadogo zangu mlioko shuleni jambo moja. Mkisikia neno kubwa peke yenu, liwe tangazo, habari au uvumi, litoeni nje mkawaulize wengine kabla hamjaliamini au kulipuuza. Mwenzako huenda anajua jina usilolijua.

Yule kijana wa Ntobeye hakuhitaji hotuba hii. Siku hizi, saa ya matangazo ya vifo ikikaribia, huja karibu na jiko, akazitoa nyaya masikioni na kuziacha zimechomekwa kwenye simu ziwe eriali, akabonyeza spika, akaiweka simu juu ya kigoda. Mama zake huacha kumenya ndizi. Jina likisomwa asilolijua, hututazama sisi wazee, mmoja baada ya mwingine, mpaka mtu aseme.