Daraja la Mshipi wa Johari



Mto ukifurika, msafiri hukaa ng'ambo akingoja maji yapungue. Kwa hiyo kwetu daraja ni kitu cha haja, wala ni wachache waulizao kama lina uzuri. Daraja kubwa la Kigongo na Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, lilijengwa ili watu na magari wavuke upesi bila kungoja kivuko. Makampuni yaliyolijenga yalitoka China. Na huko kwao liko daraja jingine, dogo sana, lililojengwa ili lipendeze macho.

Daraja hilo limo katika bustani ya kifalme, kaskazini-magharibi ya mji wa Beijing. Kaisari Qianlong alianza kuitengeneza bustani hiyo mwaka 1750, ili kumheshimu mama yake aliyekaribia kutimiza miaka 60. Akaamuru ziwa la Kunming lipanuliwe, na tuta refu lipite majini, lenye madaraja sita. Lipendezalo kupita yote ni Yudai, maana yake Mshipi wa Johari, kwa kuwa wakuu wa China ya kale walivaa mishipi iliyopambwa kwa vito.

Daraja hili ni la mawe meupe, nalo limeinuka katikati kama nundu ya fahali. Kuta zake za pembeni zimechorwa korongo warukao. Maji yakitulia, tao la juu na kivuli chake cha chini huungana, yakawa duara kamili kama mwezi mpevu.

Kuinuka huko hakukuwa kwa pambo tu. Kaisari alisafiri kwa mashua yake kutoka ziwani kwenda kwenye mlima wa chemchemi, na mashua ile ilikuwa ndefu kwenda juu. Sharti ipate njia chini ya tao. Basi mafundi walifanyaje mawe yasianguke? Kazi ya tao ni hivi: kwanza huwekwa kiunzi cha mti, kisha mawe yaliyochongwa kama kabari hupangwa juu yake kutoka pande mbili, hata jiwe la katikati likaingia na kufunga. Kiunzi kikiondolewa, kila jiwe hutaka kuanguka, lakini hubanwa na jirani yake. Uzito wote huenda kwenye nguzo za kando, na tao husimama.

Mwaka 1860 majeshi ya Uingereza na Ufaransa yaliichoma bustani ile vitani. Majumba mengi ya mti yakawa majivu. Mshipi wa Johari ukabaki. Mwaka 1886 malkia Cixi akaanza kuijenga upya, akatumia hata fedha za jeshi la majini. Miaka michache baadaye, mwaka 1894, vita na Japani vikazuka, na manowari za China zikashindwa vibaya.

Ufalme wenyewe ulikwisha mwaka 1912, na mwaka 1924 bustani ikafanywa ya watu wote. Njia iliyotengenezwa kwa mashua ya mtu mmoja sasa hutazamwa hata na mtoto wa mkulima. Kaisari hayupo, na mashua yake haipo. Mawe yaliyoegemeana yangali yamesimama.