Kura ya Pemba na yaliyomo nyoyoni

Mwanasiasa Seif Sharif Hamad, mzaliwa wa Mtambwe, Pemba, alimaliza kidato cha sita mwaka 1963. Mapinduzi ya Zanzibar yakaja Januari iliyofuata, maofisa wa Kiingereza wakaondoka, na Serikali ikawataka vijana waliosoma wabaki kuziba mapengo. Akawa mwalimu. Chuo kikuu alikingoja hadi 1972, alipokwenda Dar es Salaam kusomea sayansi ya siasa, akahitimu 1975.

Mlimani, kwenye chuo hicho, wakati huo alikuwepo mwanahistoria Walter Rodney, na mijadala ilihusu ubeberu na matabaka: nani anamnyonya nani. Ni hoja nzito, nami naziheshimu. Ila Pemba inadai swali jingine, la saikolojia: mpiga kura anaogopa nini, anakumbuka nini?

Mmarekani Michael Lofchie, katika kitabu chake cha 1965, alitafuta sababu ya Washirazi wengi wa Unguja kukifuata chama cha ASP ilhali wenzao wengi wa Pemba walikuwa na vyama vya ZPPP ya Mohammed Shamte au ZNP. Alianzia mashambani. Pemba, mikarafuu ilikuwa mikononi mwa Washirazi na Waarabu pia, na watu walioana. Chuki ya mwenye shamba na asiye nalo haikukomaa kama Unguja.

Maelezo hayo yanatosha kwa 1963. Kwa 1995 hayatoshi kabisa. Mwaka huo CUF, chama cha upinzani cha Seif, ilizoa majimbo yote 21 ya Pemba, na wengi waliopiga kura walikuwa hawajazaliwa zama za siasa, yaani za ushindani wa vyama kabla ya Mapinduzi. Si shamba lililowaongoza. Walikuwa wamekua wakisimuliwa na wazee wao habari za viboko vya hadharani baada ya Mapinduzi na uhaba wa chakula wa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Januari 27, 2001 polisi waliwapiga risasi waandamanaji wa CUF, wakimbizi zaidi ya 2,000 wakavuka hadi Shimoni, Kenya, na kizazi kipya kikapata simulizi yake chenyewe.

Mwaka 2009 mwanahistoria G. Thomas Burgess alichapisha kumbukumbu za Seif pamoja na za Ali Sultan Issa, mkomunisti aliyekuwa waziri wa Rais Karume baada ya Mapinduzi. Wote wawili ni Wapemba. Anayetaka kusomea saikolojia ya siasa aanze na kitabu hicho, aulize ilikuwaje kisiwa kimoja kikawalea wote wawili, kisha aende Wete na Micheweni akawasikilize wazee wangali hai.