Sheria za Dawa za Kulevya Wakati wa Ujauzito: Athari Zake kwa Huduma na Tafiti

Na Mwandishi Wetu

Mjamzito anayetumia dawa za kulevya anapofika kliniki huhitaji kusema ukweli ili ahudumiwe ipasavyo. Mkunga asipojua ni dawa ipi, kwa kiasi gani na tangu lini, hawezi kupanga matibabu ya mama wala kujiandaa kumpokea mtoto. Nchini Marekani, ambako kila jimbo hutunga sheria zake za jinai, ukweli huo umewahi kugeuzwa kuwa ushahidi dhidi ya mama mwenyewe. Uzoefu wa nchi hiyo unaonesha jinsi sheria iliyokusudiwa kumlinda mtoto inavyoweza kumweka mama mbali na huduma.

Mwaka 1989, hospitali moja ya umma mjini Charleston, Jimbo la South Carolina, ikishirikiana na polisi na waendesha mashtaka, ilianza kupima mikojo ya baadhi ya wajawazito ili kubaini kokeini. Majibu yalifikishwa polisi na wanawake 30 wakakamatwa. Machi 21, 2001, katika shauri la Ferguson dhidi ya Jiji la Charleston, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa majaji 6 dhidi ya 3 kwamba hospitali ya umma kumpima mgonjwa bila ridhaa yake kwa lengo la kupata ushahidi wa jinai ni upekuzi unaokiuka Katiba.

Hata hivyo, uamuzi huo haukufuta makosa yenyewe. Mwaka 1997, Mahakama ya Juu ya South Carolina ilikuwa imekwishaamua kwamba neno "mtoto" katika sheria ya jimbo hilo linajumuisha pia kijusi kilichofikia umri wa kuweza kuishi nje ya tumbo la mama.

Jimbo la Tennessee lilikwenda mbali zaidi. Sheria yake ya mwaka 2014 iliruhusu mama kushtakiwa kwa kosa la shambulio endapo mtoto angezaliwa na uraibu au madhara yaliyotokana na dawa za kulevya. Aliyejiunga na matibabu kabla ya kujifungua na kuyakamilisha aliweza kujitetea kwa hoja hiyo, lakini vituo vilivyopokea wajawazito vilikuwa vichache. Sheria hiyo ilikoma Julai 1, 2016 baada ya Bunge la jimbo kutoiongezea muda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la sheria la Chuo Kikuu cha Georgetown uliihusisha na kupungua kwa mahudhurio ya kliniki na kuongezeka kwa vifo vya vijusi na watoto wachanga.

Aidha, utafiti wa mwaka 2019 uliohusu takriban watoto milioni 4.6 waliozaliwa katika majimbo 8 ulibaini kuwa sera za adhabu ziliambatana na idadi kubwa zaidi ya watoto wanaozaliwa na maumivu ya kukosa dawa, hali ambayo waraibu huiita arosto.

Utoaji wa taarifa nao una changamoto zake. Katika Kaunti ya Pinellas, Florida, ambako sheria iliwataka watoa huduma kutoa taarifa, watafiti waliwapima wajawazito 715 na kuchapisha matokeo mwaka 1990. Kiwango cha matumizi kilikuwa asilimia 15.4 kwa wanawake weupe na asilimia 14.1 kwa weusi. Pamoja na viwango hivyo kukaribiana, weusi waliripotiwa kwa mamlaka takriban mara 10 zaidi. Hivyo basi, mtafiti anayetegemea kumbukumbu za walioripotiwa pekee huona picha potofu ya tatizo.

Athari kwa tafiti haziishii hapo. Mwanamke anayeogopa kukamatwa au kunyang'anywa mtoto hukataa kushiriki, na akishiriki huweza kuficha anachotumia. Ilhali maarifa yanayookoa watoto hutokana na wanawake hao hao. Jaribio la kitabibu lililochapishwa mwaka 2010, likihusisha wajawazito 175, lilionesha kuwa watoto ambao mama zao walitibiwa kwa buprenofini walihitaji mofini kidogo zaidi baada ya kuzaliwa kuliko wale ambao mama zao walitumia methadoni.

Ili kulinda washiriki, tangu mwaka 2017 tafiti zinazofadhiliwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani na zinazokusanya taarifa nyeti hupewa moja kwa moja hati za usiri, zinazozuia taarifa hizo kutumika mahakamani bila ridhaa ya mshiriki. Hata hivyo, hati hizo haziondoi wajibu wa kutoa taarifa za ukatili dhidi ya watoto pale sheria ya jimbo inapoagiza. Kwa sababu hiyo, fomu ya ridhaa hulazimika kumweleza mama mipaka ya usiri huo mapema.

Kwa upande wa Tanzania, tiba ya methadoni ilianza kutolewa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2011. Methadoni ni miongoni mwa dawa zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa mjamzito mwenye uraibu wa heroini, kwani kuacha ghafla kunaweza kumrudisha kwenye matumizi na kuhatarisha ujauzito.

Wajawazito wenye uraibu wanashauriwa kuhudhuria kliniki mapema, kumweleza mtoa huduma dawa wanazotumia na kutoziacha ghafla bila usimamizi wa kitaalamu. Ndugu na wenza nao wanahimizwa kuwasindikiza badala ya kuwaficha. Kwa watunga sera, funzo la Marekani ni kwamba mtoto aliye tumboni hulindwa kupitia mama yake, na mama hufika kliniki pale anapokuwa na imani kwamba atatibiwa.