Tufani na Waliokuwa Mbali

Alhamisi ya tarehe 25 Aprili 2019 bibi yangu hakula. Alikaa barazani kwetu Mbagala, redio ya betri miguuni, kanga moja kiunoni na nyingine mabegani, na kila taarifa ya habari ilipoanza alituinulia mkono tunyamaze. Kimbunga Kenneth kilikuwa kimeshapita jirani na Ngazidja usiku wa kuamkia siku ile, sasa kinaelekea bara. Kitatua wapi? Redio ilisema watu wa Mtwara na Lindi wajihadhari, wa mabondeni na wa kando ya bahari watafute mahali pa juu. Kusini ya huko ilikuwa ni Msumbiji, na ndiko alikokuwa mtu wetu.

Mama yangu mdogo, kitindamimba wa bibi, alivuka Mto Ruvuma miaka mingi nyuma na biashara ya kanga. Akaolewa na mvuvi wa Kimwani, akahamia Pemba. Si Pemba ya karafuu, ndugu msomaji. Nasema Pemba ya Msumbiji, mji mkuu wa jimbo la Cabo Delgado. Nyumba yao iko Paquitequete, mtaa wa zamani ulio chini kabisa, bahari ikijaa unaisikia ukiwa kitandani.

Saa nane mchana nilipiga simu. Ikaita, haikupokelewa. Saa kumi na mbili jioni nikapiga tena. Safari hii haikuita.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia, sina kazi wala shule. Mwezi mmoja tu nyuma tulikuwa tumesikia habari za Idai, kimbunga kilichoupiga mji wa Beira katikati ya Machi na kuua watu zaidi ya 600 katika Msumbiji peke yake. Kwa hiyo hatukuwa watu wa kuambiwa kimbunga ni nini. Tulijua. Na kujua huko ndiko kulikotunyima usingizi.

Kesho yake, sikukuu ya Muungano, jirani yetu mmoja mwenye asili ya Wete alikuja kutupa pole. "Msihangaike," akasema, "Pemba nimezungumza nao sasa hivi, jua linawaka." Bibi akamtazama, akamshukuru, wala hakumsahihisha. Jioni akaja mwingine kutoka Rangi Tatu, huyu naye ana habari yake: ati Pemba yote imezama, hakuna nyumba iliyosimama. Huyo ndiye aliyeikusudia Pemba yetu. Basi katika siku moja tulipewa Pemba yenye jua na Pemba iliyozama, na mama mdogo hayumo katika yoyote kati ya hizo mbili.

Ni siku zile zilizonipeleka baadaye Maktaba Kuu ya Taifa kutafuta vimbunga vya zamani. Nilitaka kujua kama wengine walipata kungoja hivi. Niliyoyakuta ndiyo ninayokuletea hapa.

Kwanza ujue kwamba pwani yetu haikuzoea mambo haya. Kimbunga hulishwa na bahari yenye joto, na huzunguka kwa sababu dunia yenyewe inazunguka. Karibu na ikweta nguvu hiyo ya kuzungusha ni hafifu, ndiyo maana Mombasa au Tanga hazisumbuliwi. Vinavyozaliwa kusini zaidi, vingi huishia Bukini, kisiwa kirefu kilichosimama mbele ya bara kama ukuta. Lakini mara chache hutokea kimoja kikapita juu ya ncha ya kaskazini ya ukuta huo. Kenneth alipita hapo.

Katika historia yetu kubwa kuliko zote ni tufani ya Unguja ya tarehe 15 Aprili 1872. Sultani alikuwa Seyyid Barghash bin Said, hajamaliza hata miaka miwili kitini. Katika siku moja bandari iliyojaa majahazi na merikebu ikawa makaburi ya mbao. Manowari alizorithi kwa baba na kaka yake zilipotea karibu zote. Ili kuziba pengo aliagiza meli mpya Uingereza, Glasgow, iliyofika mwaka 1878, nayo ikaja kuzamishwa na mizinga ya Waingereza hao hao tarehe 27 Agosti 1896, katika vita iliyokwisha kabla ya saa moja.

Mashambani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Inakadiriwa kwamba thuluthi mbili ya mikarafuu na minazi ya Unguja iliangushwa. Mkarafuu haurudi kama muhogo, ukiupanda leo utangoja miaka sita, saba, ndipo uanze kukupa kitu. Ila kisiwa cha Pemba, mwendo mfupi tu wa jahazi kuelekea kaskazini, kilisalimika kwa kiasi kikubwa. Upepo wa kimbunga ndivyo ulivyo, huweza kuinyoa nyumba hii na kuiacha ile. Bei ya karafuu ikapanda, wenye mashamba wakakimbilia kupanda Pemba, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa nyumba ya karafuu mpaka leo.

Vitabu vingi huishia hapo. Merikebu, mikarafuu, bei. Mimi nilijiuliza, hiyo mikarafuu mipya ya Pemba ilipandwa na nani?

Ilipandwa na watumwa. Tarehe 5 Juni 1873, mwaka mmoja na kidogo baada ya tufani, Barghash alibanwa na Waingereza akatia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Lakini mashamba ya Pemba yalikuwa yakitaka mikono. Basi watu wakaswagwa kwa miguu kutoka upande wa Kilwa kwenda kaskazini kwa njia ya pwani, halafu wakavushwa kwa siri usiku mpaka Pemba. Wengi wao walitoka mbali huko kusini, upande wa Ziwa Nyasa na nchi ya Wayao.

Hebu lifikirie hilo, ndugu msomaji. Mtu alikuwa akilima mtama wake karibu na ziwa. Siku ile ya Aprili hakusikia hata ubaridi wa upepo. Hakujua kuwa kuna bahari iliyochafuka wala mikarafuu iliyolala chini. Mwaka mmoja au miwili baadaye anakamatwa, anafungwa, anapelekwa kupanda miche kwa sababu ya upepo ambao hakuuona. Na mama yake aliyebaki kijijini akingoja, yeye tumhesabu wapi? Katika hesabu za hasara za tufani sijamwona.

Habari nazo zilisafiri kwa miguu. Waya wa simu za maandishi chini ya bahari ulifika Unguja mwaka 1879 tu. Mwaka ule wa 1872 Mzungu Henry Morton Stanley alikuwa njiani kurudi pwani baada ya kuonana na Livingstone. Yeye na wapagazi wake walitembea katika mafuriko makubwa ya Makata, na wakiwa bado bara wakapata fununu kwamba Unguja hakuna nyumba wala chombo kilichosalia, na Bagamoyo ni vivyo hivyo. Stanley aliona habari hiyo imetiwa chumvi. Chumvi ilikuwamo kweli, maana Bagamoyo aliikuta ipo alipofika tarehe 6 Mei. Ila yeye alikuwa mgeni. Wapagazi wake wengi walikuwa na watu wao Unguja na Bagamoyo. Wao walitembeaje zile siku za mwisho, wakiamini kuwa huko waendako hakuna kitu? Stanley hakutuandikia.

Niliposoma hapo nilimkumbuka jirani wa Rangi Tatu. Hakuwa mwongo. Habari ikiachwa isafiri peke yake gizani huota mikono na miguu.

Tufani ya pili sikuipata maktaba kwanza, niliipata barazani. Usiku wa Ijumaa ile, redio imezimwa ili betri zisiishe, bibi alianza kuzungumza bila kuulizwa. Mwezi wa Aprili mwaka 1952 kimbunga kiliipiga Lindi. Bibi alikuwa mtoto wa miaka kama minane, wanakaa juu Newala, na baba yake alikuwa kibarua katika mkonge huko Lindi. Newala mvua ilinyesha tu na upepo kidogo. Kisha watu waliopanda kutoka pwani wakaanza kusema: Lindi mapaa yameruka, minazi imelala, watu wamekufa.

"Wewe ulimwona nani akienda kutazama?" nikamuuliza.

"Nani aende? Mito imejaa. Mama akawa anapika chakula cha baba kila siku, anakifunika. Sisi watoto tunakila asubuhi."

Walingoja siku tisa. Siku ya kumi baba yake alitokea njiani kwa miguu, shuka moja mwilini, mkono umefungwa kitambaa. Akaomba maji. Bibi aliniambia mama yake hakulia wala hakushangilia. Aliingia ndani akatoa chakula, kwa sababu kilikuwepo.

"Upepo unapita siku moja," bibi akasema. "Kungoja ndiyo kazi."

Kenneth alikuwa ametua Alhamisi ile ile jioni, kaskazini ya mji wa Pemba, pande za Macomia na Quissanga, akiwa na upepo wa karibu kilomita 220 kwa saa. Haikupata kuandikwa kwamba kimbunga chenye nguvu kiasi hicho kimeingia Msumbiji. Kisiwani Ibo karibu nyumba zote zilivunjika. Mtwara, iliyokuwa imejiandaa, ikapona. Pemba nayo ilikwepa ule upepo mkali kabisa, tukaanza kupumua. Halafu Jumapili tarehe 28 mvua ikaja, mvua ya siku nzima, mji ukafurika, ndege za misaada zikashindwa kuruka. Waliosalimika na upepo wakakutwa na maji. Hesabu ya mwisho kule Msumbiji ilikuwa watu zaidi ya 40.

Simu ilikuja Alhamisi iliyofuata, siku ya saba, kwa namba tusiyoijua. Nilipokea mimi. Sauti ilikuwa ya mbali, imejaa mikwaruzo, lakini nilimjua kwa salamu yake tu.

"Mama yuko?" akauliza. "Mko salama?"

Nikashangaa. "Sisi? Mama mdogo, sisi tunakuuliza wewe!"

Kumbe na wao walikuwa na redio. Kabla umeme haujakatika walisikia kwamba kimbunga kinakwenda Mtwara na Tanzania. Yeye alikuwa amepanda kwa jirani mwenye nyumba ya ghorofa, ana watoto watatu na gunia la mchele, maji yameingia kwake mpaka dirishani, na wiki nzima alikuwa akituombea sisi. Nilimpa bibi simu. Hawakuzungumza mengi. Bibi alisema "haya" mara nyingi, kisha akarudisha simu na kuomba chai.

Tangu siku ile nimeacha kudhani kwamba aliye ndani ya upepo ndiye wa kuhurumiwa na aliye nje ndiye mwenye huruma. Wote wawili wanangoja, kila mmoja anamdhania mwenzake amekufa.

Lakini tusijidanganye kwamba mambo ni yale yale ya 1872. Si yale. Mwaka 1872 Unguja haikuambiwa kitu, watu waliamka na upepo. Mwaka 2019 Mtwara iliambiwa mapema. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoelekea Mafia, safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zilisimamishwa kwa wakati, na abiria walionung'unika bandarini walilala majumbani mwao wazima. Onyo linaokoa roho. Ila haliondoi hofu, tena nadhani huianzisha mapema.

Bibi alifariki mwaka 2022. Desemba 2024 kimbunga kingine, Chido, kiliibomoa Mayotte tarehe 14, na kesho yake kikaingia Cabo Delgado, upande wa Mecúfi, jirani kabisa na Pemba. Mji ule wakati huo ulikuwa umeshapokea watu wengi waliokimbia vita vya jimbo hilo vilivyoanza mwaka 2017, na nyumba ya mama mdogo ilikuwa na wageni sita. Mimi ndiye niliyekaa barazani safari hiyo. Betri nilinunua asubuhi. Ujumbe ulikuja baada ya siku tatu: paa limekwenda, watu wote wapo.

Ndugu yangu unayetaka kuandika, wengi wetu tunatafuta hadithi mbali. Tunamtaka mfalme, tunataka manowari. Hayo yameshaandikwa na waliokuwa na wino. Kipagazi aliyetembea kuelekea Bagamoyo akiamini mkewe hayupo, mama wa kule ziwani, mama wa Newala na chakula chake kilichofunikwa, hao hawajaandikwa. Wa kwanza wawili tumeshawapoteza. Huyo wa tatu nilimpata kwa bahati, usiku mmoja, kwa sababu betri zilikuwa zinakwisha.

Nyumbani kwenu bila shaka yupo mtu aliyepata kumngoja mtu. Leo jioni zima redio, umuulize. Uandike na tarehe.